Uwanja wa mtaa umezungushiwa mabati. Kwenu maeneo ya wazi yamebaki mangapi?

Mleta Mada

Habari za asubuhi ndugu zangu. Nina jambo limenikaba tangu juzi, nimeona nilimwage hapa.

Nyuma ya nyumba zetu kuna uwanja. Ukitembea taratibu unaumaliza kwa dakika mbili. Kiangazi ni vumbi, masika una dimbwi moja lisilokauka upesi, na pembeni umesimama mti mmoja wa mkungu wenye gogo chini yake, gogo lililong'aa kwa kukaliwa. Jumatatu alfajiri tumeukuta umezungushiwa mabati mapya. Watoto walikuwa wamesimama nje, mmoja kakumbatia mpira, wanachungulia kwenye upenyo kati ya bati na bati. Hakuna aliyewafukuza. Walikuwa wamekosa tu pa kwenda.

Nikamuuliza mmoja wa waliokuwa wakipiga misumari, naye kijana wa watu katumwa, akanijibu kwa upole: "Mzee, hapa si palikuwa pamekaa bure?"

Nimeshindwa kulala na neno hilo. Pale ndipo watoto wa mitaa mitatu walipojifunzia baiskeli. Chanjo zimetolewa pale, mikutano ya mtaa imefanyika pale, turubai za misiba na harusi zimefungwa pale. Nyumba ya jirani yetu ilipoungua, vyombo vilivyookolewa vilipangwa pale usiku kucha, na gari la zimamoto liliweza kugeuka kwa sababu ya pale. Sijui jengo gani mtaani kwetu limefanya kazi nyingi kiasi hicho.

Mji ukiwa unakua, kila kipande kisicho na ukuta huonekana kinamsubiri mtu. Na wenzetu waliotutangulia walijikwaa hapo hapo. Mwaka 1811 New York ilichora barabara za karibu kisiwa kizima cha Manhattan, mistari imenyooka kama daftari la hesabu, ila maeneo ya kupumzikia yakaachwa machache mno. Waliochora waliona mito iliyokizunguka kisiwa ingetosha kuwapa watu hewa. Ilipofika 1853 ikabidi itungwe sheria ya kutwaa ardhi kwa ajili ya Central Park, ambayo leo ina hekta zipatazo 340, na ardhi hiyo ikalipiwa kwa bei ya mji uliokwisha kuchangamka. Walichokiacha wakati kingewagharimu kidogo, walikuja kukitafuta wakati kila futi imeshapanda bei.

Basi niambieni, kwenu ikoje? Kimebaki nini? Kilichobaki kimeponea wapi?

Mpima Ardhi

Pole sana ndugu. Nimefanya kazi ya upimaji kwa miaka mingi, niruhusu nieleze kitu ambacho wengi hawakioni kwa sababu kinatokea kwenye makaratasi.

Eneo la wazi linaanza kupotea siku ile ile linapochorwa. Ofisini mchoraji analipaka kijani, anaandika jina, ramani inasainiwa, kila mtu anapongezana. Kisha tunakwenda uwandani. Viwanja vya watu vinapimwa kimoja kimoja, vinafungwa bikoni, yaani alama za mipaka zinazozikwa kwenye kona, vinapewa namba, mwenyewe anaondoka na hati. Lile la kijani mara nyingi linabaki kuwa nafasi iliyozungukwa na viwanja vya wengine. Halina bikoni zake, halina hati, hakuna daftari linalosema ofisi fulani ndiyo itakayoulizwa likiguswa.

Halafu majirani wanaanza. Wa kwanza anasogeza uzio hatua tatu. Wa pili anaweka tangi la maji. Wa tatu anajenga fremu mbili za maduka, anasema ni za muda. Kila mmoja kachukua kidogo na hakuna anayemkemea mwenzake. Siku anayokuja mkubwa na mabati, eneo limebaki nusu, na wale waliokwisha kumega hawana mdomo wa kupinga. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba nikifika uwandani huwa naangalia kwanza nyua za majirani kabla sijafungua ramani.

Barcelona ni mfano ambao huwa nawaonyesha vijana kazini. Mwaka 1859 mhandisi Ildefons Cerdà alipanga upanuzi wa mji ule kwa vitalu vya mraba vyenye pembe zilizokatwa. Alitaka majengo yakae pande mbili tu za kitalu, katikati kuwe bustani. Wenye ardhi wakajenga pande zote nne. Wakaongeza ghorofa. Wakajaza katikati kwa karakana na maghala. Hapakuwa na siku moja ya kusema leo ndiyo bustani zimekufa, maana zilimalizwa na vibali, kimoja baada ya kingine. Leo jiji linahangaika kurudisha baadhi ya viini vile, kimoja kimoja, na kuanzia 2016 katika eneo la Poblenou likafunga njia za ndani za kundi la vitalu ili magari ya kupita yazungukie nje.

Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, hushauri asilimia 30 hadi 35 ya ardhi ya mji iende kwenye barabara na njia, na asilimia 15 hadi 20 iwe maeneo ya wazi ya umma. Jumla inakaribia nusu. Nikiitaja kwenye vikao watu hugutuka, wanaona ni ardhi ya kutupa. Wanasahau kwamba nusu ile nyingine, yenye nyumba, inapata thamani kwa sababu kuna pa kupita na pa kutokea.

Mleta mada, una nakala ya ramani ya mtaa wenu? Bila hiyo utabishana na mabati.

Mpangaji

Samahanini, mimi nitakwenda kinyume nanyi.

Nimepanga chumba na sebule, tuko watano ndani. Kila kodi inapopanda nasogea nje ya mji, na kila ninaposogea nauli inakula kile nilichookoa kwenye kodi. Naamka saa kumi. Sasa nikiwasikia watu wenye nyumba zao, wenye geti, wanaulilia uwanja wa mpira, najiuliza hii miji inajengwa kwa ajili ya nani. Ardhi iliyo karibu na kazi ni chache. Kama patajengwa nyumba za sisi kukaa, pajengwe.

Na hiyo Central Park mnayoitaja, itajeni yote. Pale palikuwa na kijiji kikiitwa Seneca Village, makazi ya Wamarekani Weusi, na baadhi yao walikuwa wamiliki halali wa viwanja. Kufikia 1857 walikuwa wameshaondolewa wote ili bustani ipatikane. Kwa hiyo na neno bustani nalo limeshabomolea watu.

Mleta Mada

Ndugu yangu Mpangaji, la Seneca Village ni kweli na sitalipamba. Mji unaotaka eneo la wazi kwa kuwavunjia maskini nyumba zao umehamisha tu maumivu. Ndiyo maana nasisitiza maeneo haya yatengwe mapema, kabla hajajenga mtu.

Lakini nyuma ya mabati yetu hakijengwi hata chumba kimoja cha kupanga. Nimeuliza, ni fremu za maduka.

Na hili la nani anautaka uwanja, hebu lifikirie tena. Mwenye ua ana uwanja wake mwenyewe. Mtoto wake anaendesha baiskeli ndani ya geti. Aliyepanga chumba na sebule kwa watu watano ndiye ambaye, uwanja ukifungwa, watoto wake wanabaki ukumbini au barabarani.

Mimi sina msimamo wa kwamba pasiguswe popote. Berlin walikuwa na kiwanja cha ndege cha Tempelhof kilichofungwa 2008, kikafunguliwa kwa wananchi mwaka 2010, watu wakawa wanaendesha baiskeli kwenye njia ya kurukia ndege. Jiji likataka kujenga pembezoni, nyumba zikiwemo, maana uhaba wa nyumba ulikuwa mkubwa. Mwaka 2014 wananchi wakapiga kura, wakakataa pasijengwe hata pembeni. Nimelitafakari sana jambo hilo, na nadhani kwa eneo la hekta zaidi ya 300 mimi ningekubali kingo zijengwe nyumba za watu wa kipato kidogo, kwa masharti ya maandishi. Uwanja wetu unaisha kwa dakika mbili za kutembea. Ukiumega kingo, umekwisha.

Mpangaji

La ukumbini umenipata. Wanangu hufanyia kazi za shule kwenye ngazi kwa sababu ndipo penye upepo. Bado nasema nyumba kwanza, ila fremu hapana.

Mama Mabinti

Shikamooni wakubwa. Nimesoma tangu juu, kila mtu anasema mpira, mpira, mpira. Naomba niseme la upande wa pili.

Binti yangu wa kwanza alikuwa haishi kwenda uwanjani. Alipofika miaka kumi hivi akaacha kwenda, hakuna aliyemkataza. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, nikifika nitakaa wapi?" Nikaenda kuangalia mwenyewe siku ya pili yake saa kumi na moja jioni. Katikati wavulana wanacheza. Pembeni wanaume wamekaa wanatazama. Wasichana watatu wamesimama ukutani, miguu wameipishanisha, simu moja wanaiangalia wote watatu. Walikaa hivyo robo saa kisha wakaondoka. Wavulana hawakuwa na kosa lolote. Uwanja mzima ulikuwa na namna moja tu ya kuutumia.

Baadaye nikaja kusoma kwamba Vienna waliligundua jambo hilo hilo miaka ya 1990. Walihesabu watoto kwenye bustani zao wakakuta wasichana wakishapita miaka tisa wanapungua sana, wavulana hawapungui. Mwaka 1999 wakazipanga upya bustani mbili. Wakaongeza njia za kupita, wakaweka viwanja vya voliboli na vya mpira wa vinyoya, na ile nafasi kubwa moja wakaigawa kuwa nafasi ndogo ndogo ili kundi moja lisiweze kuitawala yote. Wasichana wakarudi.

Kwa hiyo ndugu Mleta Mada, mkiukomboa uwanja, na Mungu awasaidie muukomboe, msiturudishie ulivyokuwa. Wekeni viti viwili vitatu vinavyotazamana. Wekeni taa inayowaka. Wekeni choo, na kiwe na mlango unaofunga. Na uwe na njia zaidi ya moja ya kutokea, maana mahali penye mlango mmoja binti yangu simruhusu kupita jioni hata pakiwa na maua ya aina gani.

Mleta Mada

Mama, nimelisoma mara mbili na nimelinyamazia kidogo. Miaka yote nimekaa kwenye lile gogo sijawahi kuhesabu nani hayupo. Nimeliandika.

Bondeni

Mimi naongelea eneo la wazi ambalo hamjalitaja, lile ambalo halitengwi na mtu kwa sababu linatengwa na maji.

Nakaa bondeni. Upande wa pili wa mto palikuwa na bwawa la majani, mahali pa matope tu, hata mbuzi hawapiti. Mvua kubwa ikinyesha maji yalikuwa yanaenda kutandaa kule, yanatulia, siku ya tatu ardhi imeshayanywa. Pakaja malori ya kifusi. Pakajazwa, pakainuliwa, pakajengwa ukuta mrefu wa zege. Mvua ya kwanza baada ya ukuta, maji hayakuwa na pa kutandaa, yakageukia kwetu. Alama ya tope chumbani kwangu iko usawa wa swichi ya taa. Nimepaka rangi mara mbili na bado inajitokeza, mstari mmoja umenyooka ukuta mzima kama aliyeupiga kwa rula.

Viongozi walipofika walituambia tumejenga mahali pabaya. Nyumba yangu ilikuwepo kabla ya ukuta ule.

Mpima Ardhi

Ndugu Bondeni, ulichokieleza ni hesabu nyepesi kabisa. Maji ya mto yakifurika yanahitaji ujazo fulani wa nafasi. Ukilijaza bonde kifusi, ule ujazo unautoa kwenye majani unaupeleka vyumbani kwa watu. Na juu huko mtoni kila ua unaosakafiwa unaongeza maji yanayoteremka, kwa sababu udongo uliokuwa unayanywa umefunikwa. Kupanua mtaro peke yake kunayaharakisha tu yafike kwa mtu wa chini.

Curitiba, kusini mwa Brazili, walikuwa na mito inayofurika hivyo hivyo. Badala ya kuiwekea kuta wakazitwaa kingo zake zikawa bustani zenye mabwawa. Ile ya Barigui ilianzishwa 1972. Mvua ikija bwawa linapanda, njia za kutembelea zinazama kidogo, hakuna anayelia. Maji yakishuka watu wanarudi kukimbia. Eneo moja, kazi mbili.

Na kuna waliojenga wakakosea, kisha wakawa na ujasiri wa kubomoa. Seoul walikuwa wameufunika mto Cheonggyecheon na juu yake wakapitisha barabara ya magari ya juu kwa juu. Mwaka 2003 wakaanza kuivunja, mwaka 2005 mto ukawa wazi tena katikati ya mji, watu wanakaa kingoni miguu majini. Sisemi ilikuwa rahisi, kulikuwa na wachuuzi wengi waliohamishwa na hawakufurahi. Nasema tu kwamba barabara pia hubomolewa.

Mwenye Fremu

Mnasema fremu fremu kama tusi. Nina duka, nalipa kodi zote, nimesomeshea watoto.

Kwetu kuna mpango wa kufunga barabara ya soko isipitishe magari, iwe ya kutembea kwa miguu. Mimi naogopa. Mteja wangu anasimamisha gari, anashuka, ananunua, anaondoka. Ukimwambia akaache gari mbali atakwenda duka lingine. Halafu mzigo wangu utaingiaje? Nitaubeba kichwani?

Mleta Mada

Kaka, nisamehe kama nimeonekana kuwasema vibaya wafanyabiashara. Shida yangu ni pale duka linapokalia uwanja wa watoto.

Hofu yako wameshaipata wengi. Copenhagen walipofunga mtaa wa Strøget mwaka 1962, wenye maduka walipinga, wengine wakisema hewa ya kule ni baridi na watu wao hawana desturi ya kuzurura nje. Ukawa mtaa wa maduka unaojaa watu kuliko yote mjini. Curitiba mwaka 1972 meya Jaime Lerner aliigeuza barabara ya Rua XV de Novembro mwishoni mwa wiki moja. Mafundi waliingia Ijumaa jioni, Jumatatu watu wakakuta sakafu ya kutembelea na maua. Wenye magari walipotaka kuingia kwa nguvu wakakuta watoto wameketi barabarani wanachora kwenye karatasi ndefu.

Mimi hata hivyo nisingependa yenu ifanywe hivyo. Kuwashtukiza watu kuna gharama yake. Bogotá wana njia ya taratibu zaidi, tangu 1974 wanafunga barabara kubwa kwa magari Jumapili na siku za mapumziko, leo ni zaidi ya kilomita 120, mchana zinafunguliwa tena. Kigali wana siku yao ya bila magari tangu 2016. Ombeni mjaribiwe Jumapili kadhaa, uhesabu mwenyewe mauzo yako kwenye daftari lako, halafu uje mkutanoni na daftari hilo. Na kuhusu mzigo, barabara nyingi za namna hiyo huruhusu magari ya mizigo alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa. Saa hizo ziandikwe kwenye mpango tangu mwanzo.

Mwenye Fremu

La kujaribu Jumapili nalikubali. Walituletea mchoro wenye miti na watu wanacheka, wala hawakutuambia mambo ya saa za mizigo. Tungeelewana mapema.

Magurudumu

Mimi natumia kiti cha magurudumu. Kwa ufupi tu. Ukingo wa barabara wenye sentimita 15 kwenu ni hatua moja, kwangu ni ukuta. Kwetu wametengeneza bustani nzuri sana, wameweka matofali, wameweka nyasi, na langoni wamechimbia nguzo za chuma ili bodaboda zisipite. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ni ndogo kuliko kiti changu. Huwa nafika mpaka kwenye nguzo, nasalimiana na watu, narudi.

Malengo ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa, lile la 11, yanasema kabisa kwamba ifikapo 2030 kila mtu awe na eneo la umma salama analoweza kulifikia, na yanawataja wanawake, watoto, wazee na wenye ulemavu. Waliochora langoni kwetu wangekuja na mtu mmoja tu kama mimi wakapima, ingekuwa kazi ya dakika tano.

Mama Mabinti

Pole mwanangu. Na mama mwenye kigari cha mtoto naye hapiti hapo.

Mwekezaji Mdogo

Kwa nini msikubali tu apewe mtu binafsi apatengeneze pakawa pa kisasa? Ukuta mzuri, mlinzi getini, kiingilio kidogo. Mkiliacha kwa mtaa litakuwa jalala na kijiwe cha wahuni. Nimeona mengi yameishia hivyo.

Mzee wa Gogo

Wanangu salaam. Huwa nasoma siandiki, ila hili limenitoa.

Kiingilio kidogo ni kidogo kwa nani? Mimi hutoka nyumbani asubuhi nikakae nje kidogo, nirudi, jioni nitoke tena. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, nyumbani kimya. Nikilipa kila nikitoka, nitaacha kutoka. Na mzee anayeacha kutoka nje hamtamwona tena mpaka siku ya kumzika.

Kuhusu wahuni ninalo la kusema. New York wana bustani inaitwa Bryant Park. Ilikuwa na uzio na vichaka virefu, ndani hakuonekani, ikawa ngome ya wauza dawa za kulevya. Mtaalamu mmoja, William Whyte, aliyekaa miaka ya 1970 akiwapiga watu picha za filamu kwenye viwanja vya wazi kuona wanakaa wapi na kwa nini, alishauri pafunguliwe, paonekane kutoka barabarani. Wakapunguza vichaka, wakaongeza milango, wakaweka viti vya kubebeka ambavyo kila mtu anavisogeza anapotaka. Ilifunguliwa upya 1992, ikajaa watu mchana kutwa. Watu wema walipokuwa wengi, wale wengine wakaondoka. Mwizi hapendi kutazamwa. Na huyo Whyte alichokigundua zaidi ni kitu ambacho sisi wa gogoni tulikijua siku zote, kwamba watu hukaa mahali penye pa kukaa.

Na msiogope ukubwa wa aliyeweka mabati. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Mama Wangari Maathai akaandika barua, akaandika tena, akatukanwa bungeni, akaendelea kuandika. Wafadhili wa nje wakajitoa na jengo halikujengwa. Alianza na barua, wanangu. Mnasikia? Barua.

Mwekezaji Mdogo

Shikamoo mzee. Nimekuelewa kwa kiingilio, nakiondoa. Lakini nani atafagia? Nani atalipa umeme wa hiyo taa? Hamjajibu.

Mleta Mada

Swali lako ni la haki na wengi hulikwepa. Maeneo mengi hayafi kwa kukosa mpango, yanakufa mwaka wa pili, taa inapoungua na hakuna ajuaye nani wa kupigiwa simu. Mimi naona halmashauri ifagie na ilipe umeme kwa sababu ni mali ya umma kama ilivyo barabara, na mtaa uwe na kamati ya watu wanaopita pale kila siku, kazi yao iwe kuona na kusema. Vibanda viwili vya biashara pembezoni, vyenye mkataba na vipimo vinavyojulikana, vinaweza kuchangia. Viwili. Vikifika vitano turudi kwenye alichosema Mpima Ardhi.

Sasa niwape habari. Jana tumekwenda ofisi ya mipango miji watu 14, wakiwemo mama wanne na mzee mmoja aliyekataa kubaki nyumbani. Tuliombwa turudi kesho yake, tukasema tutasubiri. Saa nane mchana tukaonyeshwa ramani. Uwanja upo. Umepakwa kijani na umeandikwa eneo la wazi, na hakuna maombi yoyote ya kubadilisha matumizi yaliyowahi kubandikwa wala kutangazwa kwetu. Afisa aliyetuhudumia alituheshimu sana, akatuambia tuandike pingamizi, tuambatanishe vipimo vya mabati yalipofika. Hapo ndipo tulipokwama, hakuna kati yetu anayejua kupima.

Halafu kuna jingine, na ni la aibu. Tulipokuwa tunaitazama ramani, mama mmoja akaweka kidole kwenye mstari wa uwanja na kidole kingine kwenye nyumba yangu. Ukuta wangu wa nyuma umeingia ndani ya kijani. Niliununua ulivyo, ila umeingia, hatua mbili hivi. Nimeanza kuuvunja leo asubuhi. Tofali nazipanga pembeni, zitafaa kwa viti vya Mama Mabinti.

Mpima Ardhi

Ndugu yangu, umeondoa kile ambacho kingewafunga midomo wenzako mbele ya yule mwenye mabati. Waliobaki wenye nyua zilizosogea waambie nao, kwa upole, kabla ya pingamizi kupelekwa.

Nitakuja Jumamosi na vifaa vyangu, hamtanilipa. Tafuteni yafuatayo: nakala ya ramani iliyogongwa muhuri, mtu mmoja mwenye kumbukumbu za bikoni za nyumba za kwanza kujengwa hapo, jembe na panga la kufyekea pembeni mwa ukuta, maana bikoni nyingi zimefukiwa tu, hazijang'olewa. Pigeni picha mabati kutoka pembe zote nne, tarehe ionekane. Msiyaguse wala msiyang'oe, hata mtu akiwachokoza.

Mzee wa Gogo

Bikoni ya kona ya mashariki ninaijua. Iko chini ya mizizi ya mkungu, upande wa barabara. Niliwaona wakiizika, mti ule ulikuwa hauzidi kimo cha mtoto.

Mpima Ardhi

Basi tutaanzia hapo mzee. Saa moja asubuhi, kabla ya jua kuwa kali.